Bi Mkubwa Kasema Hataki Kuvuka Feri

Wazee wa Pwani ya kusini hawana haya kukizungumzia kifo chao. Keti nao barazani baada ya swala ya alasiri, iwe ni Gazi, Shirazi au Bodo, utaambiwa sanda iko sanduku gani, nani anadai na nani anadaiwa, mnazi upi ni wa nani, na mtu gani asithubutu kushika jembe siku ya kaburi lake. Kufa hawakukatai. Wanachokihofia ni zile wiki za kabla ya kufa: kutiwa mipira ya puani na ya mkojo, kupakiwa kwenye probox usiku wa manane, kusubiri zamu ya feri pale Likoni, kulazwa wodi ya watu wasiojuana nao, kisha kurudishwa kijijini huku watoto wakichangishana pesa za kuutoa mwili mochari.

Ombi lao ni jepesi kulisema: niacheni niondokee hapa hapa kwangu. Na anayelisikia kwanza, siku hizi, ni nesi.

Si ajabu. Mtoto akiambiwa na mamake "mimi hospitali basi", hukatiza pale pale: usiseme hivyo mama, utapona, inshallah. Mazungumzo yamekwisha. Imamu huitwa dakika za mwisho, aje na Yasini. Lakini nesi anayezuru nyumbani kuosha kidonda huja mchana, watu wamekwenda baharini na mashambani, chumba ni kitupu, naye ameinama karibu na uso wa mgonjwa kwa nusu saa nzima. Mtu akiwa na neno la kusema, atalisema hapo. Nesi huondoka na mkoba wake, na ndani ya kifua chake wasia ambao hakuuomba, hana pa kuuandika, wala hana mamlaka ya kuusimamia.

Ninachokitetea katika makala hii ni hicho tu. Alichoambiwa nesi kiandikwe. Kisomwe mbele ya familia mgonjwa akiwa bado ana kauli yake. Na nesi apewe dawa na nguvu ya kukisimamia siku mambo yatakapochacha, kwa sababu siku hiyo haina budi kufika.

Bodo, kwa asiyepajua, ni kijiji cha wavuvi kilichoachana na barabara kuu ya Lunga Lunga na kushuka hadi kwenye mikoko, pale wanapopandia mashua watu wa kisiwa cha Funzi. Maji yakijaa mashua husogea karibu. Yakitoka, utatembea kwenye tope. Hospitali kubwa ya karibu ni ya rufaa ya kaunti yetu ya Kwale, Msambweni. Ikishindikana Msambweni ni Mombasa, hospitali kuu ya Pwani ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, na kutoka Msambweni hadi Mombasa ni kilomita hamsini na kitu. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu na mtu anaweza kuizunguka feri, lakini kwa mwenye saratani ya mifupa hata tuta moja la barabarani ni adhabu, na matuta ya Ukunda kila mtu anayajua.

Nimchukue mgonjwa mmoja. Nimemuunga kwa vipande vya wengi ili nisimwanike mtu, kwa hiyo msimtafute. Ni Bi Mkubwa wa miaka sitini na ushei, ana saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa ikiwa imeshatambaa. (Chanjo ya kuikinga ilianza kupewa wasichana nchini Oktoba 2019. Yeye wakati huo alikuwa na wajukuu.) Amechomwa miale, amerudi, ugonjwa umerudi naye. Hospitalini familia imeambiwa maneno ambayo kila nyumba ya Pwani inayajua: mpelekeni nyumbani mkamwangalie. Maneno hayo hayaelezi kuangalia maana yake nini. Hayasemi aangaliwe na nani, kwa dawa gani, wala maumivu yakija saa tisa usiku apigiwe nani.

Siku ya kwanza nesi anapoingia, kinachomlaki ni harufu. Familia imechoma udi na ubani mpaka macho yanawasha, na wajukuu hawaingii tena chumbani, wanamsalimia nyanya yao wakiwa mlangoni. Mgonjwa analijua hilo na ndilo linalomuua kabla ya saratani. Nesi haendi mbali. Anachukua vidonge vya metronidazoli, vile vinavyouzwa kila duka la dawa kwa jina la Flagyl, anavisaga kwa mgongo wa kijiko ndani ya karatasi safi, anaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha anaunyunyiza ule unga. Kwa siku chache harufu inapungua, udi unarudishwa kabatini, na mjukuu mdogo anakuja kukaa kitandani na leso ya shule mkononi. Hakuna mashine iliyotumika. Sijui matibabu mengine ya bei hiyo yanayomrudishia mtu heshima yake namna hiyo.

Halafu kuna chupa. Mofini ya kunywa huja ikiwa unga, huchanganywa na maji, na katika mpango ulioenezwa kutoka Uganda hutiwa rangi ili nguvu yake ijulikane kwa macho: ya kijani ni hafifu, ya waridi ina nguvu zaidi, ya buluu zaidi ya hapo. Nesi anamfundisha binti ratiba: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili mama alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Anamwambia pia jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba dawa hii hufunga choo, na choo kikifunga mgonjwa ataikataa dawa yenyewe. Kwa hiyo dawa ya kulainisha inakwenda pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Waganda hutumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Papai Kwale tunalo.

Ni wiki ya tatu au ya nne, maumivu yakishatulia, ndipo neno linapotoka. Mtu anayegaagaa hana wasia, ana kilio tu. Akitulia ndipo hufikiri.

"Sista, mwanangu wa Mombasa akija na gari, mwambie mimi siendi."

"Huendi wapi, mama?"

"Huko ng'ambo. Feri sivuki tena."

Nesi mzembe atasema sawa mama, na kufunga mkoba. Nesi anayeijua kazi yake atavuta kigoda. Atauliza: ni Mombasa ndiyo huitaki, au hata Msambweni? Ukipata homa ya kidonda, nikitaka kukupa sindano hapa hapa, nikupe? Ukishindwa kumeza, tukutie mpira au tukulowanishe midomo tu? Siku kauli ikikuishia, nani akusemee: binti, au mwanao wa Mombasa, au mjomba wao? Nani akuoshe? Kuna mtu unataka mtakane radhi kabla? Maswali haya ni uuguzi sawasawa na kuosha kidonda, na majibu yake mara nyingi si yale ambayo mtu angeyatarajia. Aliyesema "sitaki hospitali" pengine hofu yake ni feri tu na Msambweni atakwenda. Aliyesema "niacheni" pengine anaogopa kuwamalizia watoto pesa, na akielezwa kwamba dawa ni ya bei ndogo, anaitaka.

Kisha unafika usiku wa Jumamosi. Pumzi inakoroma, kifua kinapanda na kusita, miguu imepoa. Binti anaogopa, anapiga simu Mombasa. Kaka anaingia saa saba usiku na gari la kukodi, na jambo la kwanza analouliza ni kwa nini mama hayuko hospitali. Msimlaumu haraka. Huyu ndiye aliyekuwa akituma pesa, hakuwepo wiki zile za kigoda, na anajua kijiji kitasema nini: mtoto mzima, ana kazi mjini, kamwacha mamake akafa kitandani bila kumfikisha kwa daktari. Aibu hiyo hubebwa miaka. Basi mama anabebwa. Nesi akipigiwa simu anasema, lakini mama alikataa. Kaka anajibu, wewe ni nani kwetu? Na kwa kweli hana jibu. Hana karatasi. Gari linaondoka, na huyu bi mkubwa aliyeomba jambo moja tu anakata roho barabarani au kwenye machela ya chumba cha dharura, katikati ya wageni, mtu akimbonyeza kifua.

Sasa wengi hudhani sheria ya Kenya iko kimya juu ya haya, au kwamba iko upande wa yule mwenye gari. Haiko kimya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki yake ya kukataa matibabu yanayopendekezwa na matokeo ya kukataa huko. Inaruhusu hata mgonjwa atakiwe kuthibitisha kukataa kwake kwa njia rasmi. Kifungu cha 9 kinakwenda mbele zaidi: mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa mwenyewe anaweza kutolewa ridhaa na mtu aliyemteua kwa maandishi. Kwa maandishi. Yaani karatasi moja yenye jina la binti, alama ya dole gumba ya mama na mashahidi, ikiandikwa mama akiwa na akili zake timamu, inampa binti yule miguu ya kusimama mbele ya kakake. Hatuna sheria mahsusi ya wasia wa matibabu, ambao India, kupitia Mahakama yake ya Juu, iliukubali mwaka 2018. Lakini tulicho nacho hatujakitumia hata robo.

Na karatasi ina maana kubwa zaidi katika nchi hii kuliko kwingine, kwa sababu tunalo kovu. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, alisema mumewe alitaka azikwe kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong, na mashahidi walikuja mahakamani kueleza waliyoyasikia kinywani mwake. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda Mei 1987, na marehemu akazikwa Siaya siku 154 baada ya kufa. Huyo alikuwa wakili, mtu aliyeishi kwa maandishi, na hakuacha karatasi ya kulimaliza jambo hilo. Najua kesi ile ilihusu mazishi na si matibabu, na wakati mtu angali hai sheria humpa nguvu zaidi kuliko akishakuwa maiti. Ila funzo ambalo Wakenya wengi walilichukua kimya kimya ni kwamba wasia wa mdomo ni wa yule atakayebaki na sauti kubwa. Wadigo wa Kwale, ambao kijadi fuko lao, yaani ukoo, hufuata upande wa mama na mjomba bado ana uzito wake, hawakuhitaji kuhadithiwa jinsi ukoo unavyoweza kuingia mlangoni mtu akishanyamaza.

Baadhi ya masheikh watauliza: kuacha tiba si kukata tamaa na rehema ya Mungu? Ni swali halali na halifai kupuuzwa na wataalamu wa Nairobi, kwa sababu Bodo litaulizwa msikitini kabla ya kuulizwa zahanati. Ninavyoelewa, wanazuoni wengi wa fikihi hawakuifanya tiba kuwa wajibu pale ambapo manufaa yake hayana hakika. Mwaka 1981 huko Kuwait, Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba ilitoa mwongozo wa maadili ya utabibu unaokataza kabisa kumkatisha mtu uhai, na papo hapo ukimtaka daktari atambue kikomo chake asikivuke. Kupunguza maumivu hakugombani na hayo. Kipimo sahihi cha mofini, kikipandishwa taratibu, hakimuui mgonjwa. Humpa nafasi ya kutamka shahada akiwa na fahamu badala ya kupiga mayowe. Nesi anapaswa kumweleza imamu hivyo, uso kwa uso, mapema. Imamu akielewa, nusu ya ugomvi wa usiku wa Jumamosi imeshakufa.

Lakini nisieleweke vibaya: si kila matakwa ni ya kutekelezwa. Mgonjwa akimwambia nesi "nipe chupa yote nipumzike", jibu ni hapana. Sheria ya nchi inakataza, dini inakataza, na nesi mwenyewe anajua kwamba ombi hilo mara nyingi ni taarifa ya maumivu ambayo dozi haijayafikia, au ya upweke. Anapandisha dozi kwa ushauri wa daktari, anakaa zaidi, anamtafuta yule dada waliyegombana miaka kumi iliyopita. Tena matakwa si msumari. Yule yule aliyeapa hatoki nyumbani, akianguka akavunjika nyonga, huenda akaomba mwenyewe apelekwe Msambweni, na hapo karatasi isimfunge. Alichokisema jana kinaulizwa upya leo.

Kuna ugumu mwingine ambao nesi hukutana nao kabla hata ya wasia: mgonjwa hajui anaumwa nini. Familia humvuta nesi ukumbini na kumnong'oneza, sista, mama usimwambie ni saratani, ataanguka. Kwa nia njema kabisa. Sheria inaacha mwanya pale ambapo kuna ushahidi mzito kwamba kumwambia mgonjwa kutamdhuru, lakini mwanya huo tumeugeuza mlango mkuu. Nasema wazi kwamba ninaliona hilo kuwa kosa. Mtu asiyeambiwa kwamba safari inakaribia hawezi kulipa madeni yake, hawezi kugawa, hawezi kuomba radhi, hawezi kumteua wa kumsemea. Tunamnyang'anya wasia wake kisha tunasema alikufa bila kuusema. Na aghalabu anajua. Mwanamke aliyezaa na kuzika hahitaji maabara kumwambia mwili wake unakwenda wapi. Nesi hodari haingii na habari. Huingia na swali, mama wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu, na kumwachia nafasi ajibu.

Hapa kwenye dawa ndipo ninapokuwa mkali. Kumsifia mtu kufia nyumbani wakati nesi wake hana chupa ya mofini ni ukatili uliovikwa kanzu. Serikali yoyote inaweza kupenda vifo vya nyumbani: kitanda kinabaki wazi, bili haipo, na mzigo wote unamwangukia binti aliyeacha shamba lake la mwani au meza yake ya samaki ili ageuze mwili wa mamake kila saa mbili. Matakwa ya mgonjwa yakiwa kisingizio cha kaunti kujiondoa, nitakuwa wa kwanza kusema apelekwe hospitali.

Historia ya dawa hii kwetu si ya kujivunia. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 nchini, ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliandikwa kwa hofu ya wauzaji wa unga, na hofu hiyo iliingia hadi kwenye makabati ya hospitali. Pwani, ambako heroini imetumaliza vijana, hofu ina sababu zake. Hata hivyo kumekuwa na hatua: Nairobi Hospice iliyoanza 1990 imepata wenzake, Mombasa kuna Coast Hospice, na hospitali kubwa za serikali zimefungua vitengo vya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Lakini kutoka Mombasa hadi Bodo chupa ile ina safari ndefu, na kwa kawaida huanza na kalamu ya daktari. Ulimwenguni kote hali si njema: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14.

Jirani zetu Waganda waliliona hili mapema. Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akiwa na mofini ya maji na gari kuukuu, akiwafuata wagonjwa majumbani. Ikaonekana haraka kwamba madaktari hawatoshi na hawafiki vijijini. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria na kuwaruhusu manesi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Uganda haikugeuka nchi ya mateja kwa sababu ya manesi wake. Sijaona hoja ya maana inayozuia nesi wa Kwale aliyepewa mafunzo yale yale asiaminiwe na kalamu ile ile.

Mfano mwingine unaotufaa uko ng'ambo ya bahari hii hii. Wilaya ya Malappuram katika jimbo la Kerala, India, inafanana nasi kuliko Nairobi inavyofanana nasi: Waislamu wengi, wavuvi, minazi, vijana walioenda Uarabuni kutafuta riziki. Huko, baada ya mji wa Kozhikode kuanzisha kliniki ya maumivu mwaka 1993, majirani walijipanga kijiji kwa kijiji kuwahudumia wagonjwa majumbani, wakichanga vijisenti, na mwaka 2008 jimbo la Kerala likapitisha sera ya kuweka nesi wa tiba shufaa chini ya serikali za vijiji. Nesi ndiye mhimili, daktari huitwa akihitajika. Majirani humsaidia kuosha, kupika, kupeleka watoto shule. Kijana akirudi kutoka Dubai hakuti mjadala uanze upya, kwa sababu kijiji kizima kinajua mama alisema nini.

Hilo la kijiji kujua ndilo ninaloliona kuwa letu zaidi. Nchi za Magharibi wasia wa matibabu ni siri baina ya mtu na wakili wake. Kwetu karatasi ya siri itachanwa. Kinachofaa Bodo ni kikao: binti, mwana wa Mombasa hata kama ni kwa simu iliyofunguliwa sauti, mjomba, imamu, na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa, kati ya wale zaidi ya laki moja waliozinduliwa nchini Septemba 2023 na mikoba yao ya vipimo vya presha na sukari. Nesi anasoma alichokiandika. Anamgeukia mgonjwa: nimekosea? Mgonjwa anasahihisha. Kaka anauliza maswali yake sasa, mchana, akiwa amekula, badala ya saa saba usiku akiwa na woga. Nesi anaeleza pumzi ya mwisho itasikika vipi, kwamba ule mkoromo si kukabwa, na cha kufanya ni kumlaza ubavu. Dole gumba linapigwa. Nakala moja inabaki chini ya mto, moja zahanati, moja anaondoka nayo kaka. Siku ile ikifika, yule ndugu aliyeogopa kuambiwa alimwacha mama ana ushahidi kwamba alimtii.

Ugumu wa jambo hili ni usiku, na hapo karatasi peke yake haitoshi. Zahanati hufungwa. Nesi aliyemzuru mgonjwa Jumanne kwa nauli ya mfukoni mwake hupigiwa simu Jumamosi usiku kwenye namba yake mwenyewe, na akipokea anafanya kazi isiyo kwenye mkataba wowote. Kazi hiyo inahitaji fungu lake. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Huko utasikia visima, basari na taa za barabarani. Mkutano ujao nakusudia kuomba fungu la nesi wa majumbani kwa kila wadi ya Pwani ya kusini, pamoja na nauli ya bodaboda, posho ya zamu ya usiku na simu ya kazi isiyozimwa, na ninataka liandikwe kwenye ukurasa wa mishahara, lisichanganywe na semina.